Redio ya Mama Masanja

Mbeya, Alhamisi, mwezi wa saba, 1976

Baridi kali. Ukungu umekaa juu ya mabati mpaka saa nne, na mimi nimeamka na hofu.

Ni wiki ya pili tangu mume wangu, Baba Neema, aache kazi ya karakana na kufungua ufundi wa redio hapa sebuleni. Meza ya chakula imejaa spika na nyaya. Sisi tunakulia mkekani.

Jumatatu alikuja Mama Masanja, mfugaji wa kule Usangu, akaacha redio yake iliyokuwa inakoroma tu. Jana Baba Neema alikuwa akiunga waya ndani yake. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimepata moto mno kwenye jiko la mkaa. Kikaunguza sehemu za ndani. Redio ikanyamaza kabisa.

Leo asubuhi mwenyewe akapiga hodi.

Mimi nilishapanga la kusema: ililetwa imekufa. Nani angejua? Nikamkonyeza mume wangu. Hakuniangalia.

"Mama, ilikuja inakoroma. Mimi ndiye niliyeiua," akasema. "Naomba uchukue hii yetu."

Nikaona biashara yetu imeishia hapohapo.

Mama Masanja akaishika redio yetu, akaigeuza, akairudisha mezani. "Asante, mwanangu. Lakini mzee wangu haoni. Ile anaijua kwa vidole. Kila jioni anaifungua mwenyewe asikilize matangazo ya vifo, maana ndugu zetu wote tuliwaacha Shinyanga. Hii itamhangaisha."

Baba Neema akaivuta karibu ile iliyokufa. "Basi nenda sokoni, mama. Urudi kabla ya treni yako."

Akaifungua redio yetu, ile aliyoninunulia Neema alipozaliwa. Kabla hajaitoa hata skrubu moja aliniuliza, "Mama Neema, unaniruhusu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alitoa matumbo yote ya redio yetu ayaingize kwenye kasha la Mama Masanja. Hayakuenea. Akapiga tupa, akatoboa upya, akaunga vyuma vidogo ili vitufe vya kuzungusha vitokee palepale vilipokuwa. Hakula mchana. Nilikaa na cherehani yangu nikashona mshono mmoja mara mbili, kwa kumtazama.

Alasiri Mama Masanja akarudi. Hakutaka kuisikia kwanza. Alifumba macho, akapapasa kasha taratibu, akapata kitufe, akazungusha.

Muziki ukajaa chumba.

"Ndiyo yenyewe," akasema, bado amefumba macho. Kisha akacheka, akaifunga kwenye khanga, akaibeba mgongoni kama mtoto.

Sasa nyumba iko kimya. Taarifa ya habari tutaisikia kwa jirani. Wateja wengine watatoka wapi, sijui, na nikisema siogopi nitakuwa najidanganya.

Ila leo nimemfahamu vizuri mtu niliyeolewa naye.

Kesho nitaomba rangi iliyobaki kwa jirani, niandike kibao cha mlangoni. Nitaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, mtu aweze kulisoma akiwa ng'ambo ya barabara.