Kuku Wangu Mia Tatu wa Kompyuta

Ayuma mpwa wangu, mulembe huko Khwisero! Huku Kakamega mvua inanyesha kila alasiri, na mjomba wako amekuwa mtu mkubwa.

Wafugaji wenzangu wamenituma kwa afisa wa mifugo nichague programu ya takwimu za kuku wetu. Ya kwanza ni kioo cheusi, amri unaandika mwenyewe. Ikataka idadi ya kuku. Sasa mwanamume ahesabu kuku wake mbele ya wageni? Nikaandika, "Wapo." Ikatapika Kiingereza kama mlevi aliyefungiwa mlango. Ya pili ina vitufe vyenye picha. Nayo nikaiambia, "Wapo." Ikajibu, "Tafadhali andika namba." Nikasema ni hii, ina malezi! Nikaiandikia 300, mchoro ukapanda karibu utoboe dari.

Afisa wa mifugo akapiga makofi: "Mzee, kama wewe umeiweza, hakuna atakayeshindwa! Tunachukua hii." Umesikia sifa hizo? Kisha akasema, "Wiki ijayo tunakuja kuwaona hao mia tatu."

Kwa hivyo wale sita wetu wafungie, halafu zunguka kwa majirani uazime wengine. Ingokho mmoja, kuku wa wageni hao, mchinje, firigisi uniwekee.

Nakupenda kuliko kuku wote, wa boma na wa kompyuta.

Mjomba wako