Kidude cha Dawa Yangu Kimo Kabatini kwa Mama Mkwe

Bi Rahmati mpendwa wa Mutsamudu, naomba uniokoe kabla sijaaibika, mimi ni Soulé wa Magoudjou, Moroni, nimerudi kutoka Marseille kufanya harusi kubwa, na siri yangu ni kwamba nina kisukari na madaktari wa huko wamenipandikizia tumboni pampu ya insulini, yenyewe hudondosha dawa kidogo kidogo mchana na usiku, lakini kabla ya kula lazima niiamuru kwa kidude chenye vitufe iongeze, sasa uwanja wa ndege niliogopa wale mamluki wa Kizungu wanaomlinda Rais wangedhani ni simu ya upepo ya wapinzani, nikakificha ndani ya sanduku la zawadi za mchumba wangu Moina, na kabla sijakitoa dada zangu wakalibeba sanduku kwa ngoma mpaka kwa kina Moina, vitu vikatandazwa watu waone, mama yake akakipenda, anawaambia wageni, "Mkwe wangu kaniletea redio ya Ufaransa, ila bado haijashika stesheni," kakifungia kwenye kabati la vioo, na mila yetu unaijua, kilichotandazwa mbele ya watu hakirudi, tena kwao hawajui kama naumwa, na karamu zimeanza, nakula wali na mbuzi kwa heshima, kiu haikatiki, macho yananififia, nifanyeje?

Soulé,

Umevuka bahari na pampu tumboni, unashindwa kuvuka mtaa na neno moja mdomoni? Pole kwa kiu, nakuonea huruma kweli. Lakini mila hiyo ni ya dhahabu na vitambaa, dawa ya mgonjwa haikuwa zawadi hata siku moja. Mamluki wenye bunduki uliwapita, leo unatetemeshwa na mwanamke mwenye ufunguo wa kabati!

Na hiyo pampu si jini. Haijui kama umefunga au umefakamia mbuzi, inangoja uiambie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umemficha hata binti atakayelala ubavuni pako.

Acha wali wa karamu sasa hivi. Nenda hospitali wakupime sukari, uwaeleze pampu hiyo bila kuona haya. Wakati huohuo mjomba wako aende kwa mama mkwe akakidai kidude, leo, si baada ya harusi. Moina aambiwe yote kabla ya ndoa, na akikukataa ni haki yake.

Mama mkwe asiposadiki, pandisha shati. Heri alione tumbo lako leo unapumua, kuliko wanaume wa Magoudjou waje kuliona wakikuosha.