Riwaya Yangu Imeshindwa, Mie Sijashindwa

Ijumaa. Joto limekaza, mvua haitaki kunyesha, na mie nnafoka peke yangu tangu nirudi nyumbani Bububu.

Leo kikundi chetu cha kusoma kilikutana Mkunazini kwa Bi Mwanakheri, mwalimu mstaafu. Wanawake watupu, chai ya tangawizi, visheti. Kila mtu aitetee riwaya anayoipenda kuliko zote zilizopata tuzo, kisha tupige kura tuisome ipi kwa pamoja.

Mie nilitetea ile ya mwanamke aliyeachwa, mume akarudi kumposa, naye akamkataa. Niliisoma nikiwa edani, nikaimaliza, nikaianza tena. Kwa asiyenijua: niliachwa talaka moja, eda ikaisha bila ya kurejewa, na sasa bwana huyohuyo kaleta posa upya. Baba anasubiri jawabu langu.

Sikuwahi kumaliza maneno yangu. Wifi yangu Zuhura, dada wa huyo bwana, akadakia. Riwaya yake mwenyewe, ya vita na wafalme, akaiacha hapo mkekani, akaivamia yangu. "Mwanamke gani yule? Mume kajirudi, kaomba radhi, yeye anajitia kiburi! Na tuzo wakampa!"

Wakacheka. Wote.

Nikajibu kwamba tuzo ilitolewa kwa uandishi, haikutolewa kwa tabia ya mtu. Zuhura akanikazia macho. "Sie tunazungumza kitabu, wifi. Wewe mbona unapandwa na hasira?"

Wallahi nusura nimmwagie chai.

Kitabu gani, mnafiki we! Riwaya ile naijua. Mume haombi radhi, tangu ukurasa wa mwanzo mpaka wa mwisho. Zuhura hata hajaisoma. Alikuwa akimsemea kaka yake, ati kwa jina la fasihi! Na kaka yake naye hajaniomba radhi. Kaleta washenga, kaleta ahadi ya nyumba Mtoni, radhi hakuna.

Kura ikapigwa. Yangu ilipata mkono mmoja, wangu mwenyewe. Hata Bi Mwanakheri, aliyeniletea kitabu kile edani kwa mikono yake, hakuinua wake. Mlangoni akanishika bega: "Riwaya ni riwaya, mwanangu. Nyumba ni nyumba." Nikamwitikia naam, kwa adabu, roho inaniwaka moto.

Hilo ndilo lililonikata maini. Zuhura anamtetea kaka yake. Bi Mwanakheri ana nini?

Haya, kitabu kimeshindwa. Lakini nani kawaambia na mie nilikuwa napigiwa kura?

Nshampigia baba. Nimemwamkia, nimemwambia jawabu ni hapana. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akauliza awape sababu gani wale washenga.

"Waambie hajaniomba radhi."

Baba akashusha pumzi. "Hata mimi," akasema, "hajaniomba."