Kikapu cha Kahawa cha Wifi

Kaka Projesti, shikamoo. Hapa Nyakahanga mvua haikatiki, ila ndizi zao hazizifikii za kwetu Kanoni.

Daktari amempima Baba. Si mtoto wa jicho kama tulivyodhani. Maji yamebana ndani ya macho, kwa hiyo anaona mbele tu, kama anayechungulia kwenye mrija wa kunywea rubisi. Kilichopotea hakirudi, lakini matone ya dawa yatalinda kilichobaki.

Jana mama mwenyeji wetu alipiga magoti ubavuni pa Baba, akamkaribisha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Baba hakunyoosha mkono, na mama wa watu uso ukamshuka, akadhani amekataliwa. Nikakisogeza kikapu mbele ya macho yake. Baba akachota, akacheka, kisha akaniuliza:

"Justa, siku ile mke wa Projesti alipoletwa kwetu, alipiga magoti upande gani?"

Kaka, miaka miwili mmeamini kwamba alimkataa wifi. Baba naye miaka miwili ameamini kwamba hamkumpa kahawa.

Tunarudi Jumamosi kwa lori. Mwambie wifi ajaze kikapu, apige magoti mbele yake kabisa. Baba anasema atakimaliza chote.

Mungu awatunze.
Mdogo wako, Justa