Zebaki kwa Kidole cha Mama Mdogo

Rhoda, nimetoka sokoni Katoro na mama mdogo Asteria sasa hivi.

Unaifahamu ile nundu ya kidole gumba chake cha mguu, inayozidi kutokeza kwa sababu ya viatu vilivyochongoka. Muuguzi alimweleza waziwazi: avae viatu vipana, nundu haitarudi ndani, ila maumivu yatapungua. Mama mdogo akaona hiyo si dawa.

Akaenda kwa bwana mmoja pale sokoni anayejiita Daktari Sostenes, nami nikamsindikiza. Bwana akatoa kichupa cha zebaki ya kumpaka.

Zebaki, Rhoda! Sumu ile ile wanayokamatia dhahabu kule migodini Rwamgasa!

"Mama, zebaki inakamata dhahabu ndani ya mchanga. Nundu itakimbilia wapi?"

Alisema hivyo bila haya, huku akizibua kichupa.

Nilipiga kelele, hakuna aliyenisikia. Mama mdogo alikwishavua kiatu na kunyoosha mguu. Maumivu ya miaka mitatu humfanya mtu aamini lolote. Akainamisha uso kwa soni, na hapo ndipo alipoiona miguu ya daktari: katambuga za tairi, ubavu umekatwa kwa kisu, nundu kubwa kuliko yake imechomoza kama kiazi.

"Dokta, na hiyo yako?"

"Aa... mimi naipa nafasi tu, mama."

Naipa nafasi tu! Daktari mzima!

Mama mdogo akarudisha mguu, akavua na kiatu cha pili, akaviweka vyote viwili mezani pa daktari.

"Vipake hivi. Ndivyo vinavyoumwa."

Akarudi nyumbani pekupeku.