Injini Niliyolichagulia Gari Lako

Makadara

Zablon ndugu yangu,

Barua zote nilizowahi kuandika nilianza kwa kumuuliza mtu hali yake. Wewe sikuulizi. Yangu ni kwamba kifua kimenishinda. Daktari ameacha kunibadilishia dawa, nami nimefundisha shule miaka mingi mno nisijue maana ya mwalimu anayeacha kusahihisha daftari la mtoto. Nitaandika kidogo, nipumzike, niendelee.

Nakuandikia kwa ajili ya Kifaru. Watoto wa hapa bado wanaliita gari lako hivyo, ingawa halijanguruma tangu tukuzike. Limesimama mbele ya nyumba yako, jekundu vilevile, pua yake ndefu imeelekea kwenye mabomba ya maji. Kuku wa jirani wanalala chini yake. Ndani ya boneti hamna kitu.

Hukuona lilivyokufa, acha nikueleze. Tulikupeleka kijijini kwenu kukuzika, kwa pikapu ya kukodi, na Kifaru akafuata nyuma, kitambaa cheusi kimefungwa kwenye kila mlango. Mpwa wako Wafula ndiye aliyeendesha. Kwenda alikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, tulipokuwa tukipanda ule mlima mrefu wa kutoka bondeni, saa ya joto ikaanza kupanda. Unaikumbuka saa ile, iliyotoka Marekani na gari lenyewe, inayohesabu kwa Farenhaiti. Wafula akaona mia mbili na arobaini. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti cha kulia kwa uchovu wa matanga. Mvuke ndio ulioniamsha.

"Mwalimu," aliniambia kando ya barabara, machozi yakimtoka, "si wewe mwenyewe ulitufundisha maji huchemka kwa mia? Mia mbili na arobaini ni joto la wapi? Mimi nilijua hiyo saa imeharibika."

Ni kweli, nilimfundisha. Tulipoagizwa shuleni tuache vipimo vya Mwingereza, niliwaimbisha watoto wa mitaa hii kila asubuhi: mia, mia, maji huchemka mia. Waliimba hadi wapita njia wakasimama kusikiliza. Sikuwaambia kwamba kuna gari moja hapa kwetu ambalo maji yake huchemka kwa hesabu nyingine, mia mbili na kumi na mbili. Nani angedhani ingefaa? Bloku ya injini ilipasuka. Tulimvuta Kifaru kwa kamba hadi hapa mtaani, na wanawake kwenye foleni ya maji wakanyamaza alipopita, kama walivyonyamaza pikapu ilipokupitisha wewe.

Basi ikabaki kazi ya kumtafutia injini, na kazi hiyo uliniachia mimi. Ulinishika mkono pale hospitalini, ukaniambia, "Mwalimu, wasije wakamtia Kifaru injini ya kukohoa. Kataa." Nikakwambia nitakataa. Ukacheka kidogo, ukasema, "Apa." Nikaapa.

Nilizunguka na Wafula, kwa miguu yangu hii mibovu. Katika karakana ya Karanja, kule Baba Dogo, tukapata injini tatu. Ya kwanza ilikuwa ya silinda sita, ya gari la mizigo, lakini ni ndefu. Karanja alisema angelazimika kukata mahali pa rejeta, penye maji ya kupoza injini. Niliiondoa mara moja. Ya pili ni ya dizeli, silinda nne, imetoka kwenye pikapu ya Kijapani iliyobingirika. Ni nzima, spea zake zinapatikana kila kona, na hunywa mafuta kama mtu anayeonja mchuzi. Ya tatu, Zablon, ilikuwa silinda nane. Yako. Yaani si yako, lakini wamezaliwa tumbo moja. Mmarekani mwingine, rafiki wa yule mhandisi aliyekuuzia Kifaru alipokuwa akirudi kwao, aliacha gari kama lako, likaozea kwenye uwanja wa mtu. Bodi imeliwa na kutu. Injini iko salama.

Unajua moyo wangu ulikimbilia wapi.

Karanja ni mtu mkweli. Aliniambia, "Mzee, hii ni fahali. Lakini petroli ya siku hizi nani atamnywesha? Huyo mama mjane atalisha fahali ama atalisha watoto?" Nikamjibu kwa ukali kwamba nilikuja kutafuta injini, sikuja kutafuta ushauri. Akacheka. "Sawa mwalimu, usinichape."

Mkeo alikwisha kuniambia anachotaka. Mama Rispa anataka Wafula aliendeshe gari likodishwe kwa harusi, siku nyingine libebe watu wa kanisa. Hana njia nyingine; duka lile la mkaa linawapa uji tu, na Rispa ameshakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Nilimkumbusha kiapo changu na sauti ya Kifaru. Alikuwa akipepeta maharagwe, hakuinua macho. "Bibi arusi hapandi injini, Mwalimu. Na sauti, tangu lini ikapikwa?"

Nikamwomba jambo moja: twende wote Baba Dogo, aisikie kwanza, ndipo aamue. Nilidhani nina akili. Nilijua akiisikia hataweza kuikataa.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Karanja alikuwa ameining'iniza silinda nane kwenye minyororo, ameifunga kwa mbao, amening'iniza na mtungi wa petroli juu yake. Akaunganisha betri. Ilikohoa mara mbili, ikashika.

Siwezi kukuandikia sauti. Darasani nilisema sauti ni hewa inayotikisika, nikawaonyesha kwa uma wa chuma unaolia ukigongwa na bakuli la maji. Hiyo haikuwa hewa. Ulikuwa wewe, unakata kona pale kwenye mzunguko wa barabara, unapunguza gia, unakuja. Nilishika nguzo ya karakana. Nikamwangalia Mama Rispa, nikitabasamu kama mjinga, ili nimwone akishindwa.

Alikuwa ameinama. Mkono wake ulikuwa unapapasa chini, kwenye ile sakafu ya grisi. Kwanza sikuelewa. Halafu nikakumbuka kile ambacho mtaa mzima ulijua. Kila Kifaru aliposikika kwenye mzunguko, mkeo aliweka sufuria ya maji motoni. Ukifika, ukiegesha, ukinawa mikono, maji yalikuwa yamechemka, na unga ukaingia. Mkono wake ulikuwa unatafuta sufuria.

Alipotambua alichokuwa akifanya, alisimama wima. "Zima," alisema. Karanja hakusikia kwa kelele. "Zima hiyo kitu! Zima!"

Injini ilipozimwa alinigeukia mimi. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. Alisema, "Hiyo sauti inasema anakuja, Mwalimu. Haji. Unataka iniambie hivyo kila siku?"

Tulirudi nyumbani, akanishika kiwiko mahali penye mawe, kama vile mimi ndiye mjane.

Sasa nakuungamia, Zablon, kwa sababu mchungaji nimeshindwa kumwambia. Alikuja juzi, akaniombea, akasema hivi karibuni nitawaona walionitangulia. Nikaitikia amina. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimesimama kwenye makaburi mengi nikiwaambia wafiwa maneno hayo hayo. Siyaamini tena. Sijui yalinitoka lini. Labda yalitoka kidogo kidogo siku ile ya kukuzika, kwenye ule mlima, kama maji ya rejeta. Sidhani nitakuona. Sidhani unaisoma barua hii. Ndiyo maana niliitaka injini ile kwa nguvu zote: ni kitu pekee chako ambacho kingeweza kurudi. Nilikuwa tayari watoto wako wale uji ili mimi nikusikie ukikata kona. Kiapo nilikitumia kama kisingizio.

Nimemtumia Karanja neno. Anatia ile injini ya dizeli. Wafula amekwenda kuiona. Anasema ndani ya boneti ile injini inaonekana kama mtoto aliyevaa koti la babake. Anasema inalia kama kinu cha kusaga mahindi. Nimeuliza kama inakohoa. Akasema, "Kidogo, Mwalimu." Yaani nimeweka hasa ile uliyonikataza. Silinda nane imenunuliwa na mtu wa boti, sijui ziwa gani.

Saa ya joto nimeagiza ibaki. Nimempa Wafula kipande cha karatasi akibandike chini yake kwa gundi: ikifika mia mbili na ishirini, simama. Ndilo somo langu la mwisho, na limechelewa.

Nakumbuka tulivyokuwa tukisafiri. Usukani wa Kimarekani uko kushoto, nawe hukuweza kuona mbele ya lori ulilolifuata. Kazi ya kuona ilikuwa yangu, huku kulia. "Mwalimu, kuko wazi?" "Bado." "Sasa?" "Bado, kuna basi." "Sasa?" "Kuko wazi, nenda." Ukakanyaga, na mgongo wangu ukazama kwenye kiti. Hukuwahi kuinua kichwa kuhakikisha. Katika maisha yangu hakuna mtu mwingine aliyeniamini namna hiyo, wala mimi sijamwamini yeyote mwingine hivyo, hata yule tunayemwimbia Jumapili.

Wafula naye anahitaji mtu wa kiti cha kulia. Nakuahidi nitakaa pale nimfundishe kutoliamini lori la mbele, nimfundishe na Rispa akae baada yangu, muda wowote utakaobaki, hata kama ni safari moja ya kwenda Jogoo Road na kurudi. Gari litapita kwa sauti ya kinu, na mkeo hatatafuta sufuria.

Kwaheri, ndugu yangu. Ungeniuliza leo kama kuko wazi huku nielekeako, ningekwambia sioni kitu. Kutoka kiti kile sikukudanganya hata mara moja, na sitaanza sasa. Usiningoje.

Mwalimu wako,
wa kiti cha kulia