Printa Haiendi Kigoma

Kartie Swahili,
Rumonge.
Ijumaa, 16 Machi 2001

Mpendwa kaka Nuhu,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kigoma, wewe, wifi Sikujua na watoto. Mgongo wako je, umepoa? Sisi hatujambo. Mama anakula, anasali na anagombana na majirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya afya yake.

Hadji mwenye boti amefika na maneno yako: niuze printa, nimchukue mama, tupande boti lake tuje kwako. Kaka, nakuheshimu, lakini sitaki. Nilimjibu hivyo mbele ya mama, na mama akamwongezea chai tu.

Najua uliambiwa printa imekufa. Kweli ilizimia. Mwezi wa kwanza risasi zilipolia, tulikimbilia kwa shangazi kule Magara. Kompyuta niliisukuma chini ya kitanda, printa nikaibeba kichwani ndani ya kitenge. Mvua ikatulowesha sote. Tulipofika, mimi mtoto wa wauza ndagala, dagaa mnavyoita huko, nikafanya nilichozoea: nikatoa zile katriji mbili za wino, nikazianika juani mchangani, kando ya ndagala za shangazi. Zikakauka vizuri sana. Cheka tu, mimi nimeshalia.

Fundi mmoja wa Bujumbura alizitazama akasema, "Hii iko imekufa, maman. Ununue ingine, na mashine ingine pia." Bei aliyotaja ilinipandisha hasira. Nikarudi nyumbani, nikachemsha maji ya mvua, nikayaacha yapoe kidogo, nikalowesha kitambaa na kuzisimamisha katriji juu yake, midomo chini, mpaka wino ukaanza kutoka. Nikazifuta taratibu bila kusugua. Mara ya tatu printa ikaandika.

Sasa ninaitunza. Siichomoi kwenye umeme kabla ya kuizima kwa kitufe chake, maana ikizimwa ovyo midomo hubaki wazi ikakauka. Kazi za kawaida za wateja nazichapa kwa wino hafifu, na zinasomeka vilevile. Karatasi nazifungia kwenye kopo la maziwa, kwa sababu unyevu wa ziwa huzikunja zikakwama. Na kila Ijumaa, kazi iwepo isiwepo, nachapa ukurasa mmoja wenye rangi zote ili wino usilale.

Juzi barabara ilifungwa tena, na karatasi za majaribio za darasa la sita hazikutoka Bujumbura. Mwalimu Elda alikuja na maswali aliyoandika kwa mkono. "Tahira, batoto banangoja tangu asubuhi," akasema. Nikamchapia nakala hamsini na nne. Angezipata wapi, kaka, kama ningekuwa nimekaa chumbani kwako? Wanaofunga barabara wanataka tuchoke, tuondoke. Nina hasira nao, na siondoki.

Nisalimie wifi, na umkumbatie Feruzi. Shangazi wa Magara anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, na sisi huku asitusahau.

Huo mstari mweupe unaopita katikati ya maneno ni tundu moja lililokataa kuzibuka. Na jina lako ni jekundu kwa sababu huu ndio ukurasa wa Ijumaa ya leo. Kuanzia sasa ukurasa wa kila Ijumaa ni wako. Wiki usipoupata, laumu barabara. Mimi nipo Rumonge.

Mdogo wako akupendaye na asiyekutii,
Tahira